Kuachia, kuzungushia ua au kufungia: njia tatu za kufuga kuku jirani na ndege wa ziwani

Januari 2017 wavuvi wa ghuba ya Lutembe, upande wa Entebbe, walikuta buabua wamekufa kwa wingi ufukweni. Ni wale buabua wenye mabawa meupe wanaotoka Ulaya na Asia kila mwaka kukimbia baridi. Vipimo vilionyesha homa ya mafua ya ndege, aina ya H5N8, na haikupita muda ikaonekana pia kwa bata na kuku wa kufugwa wilayani Masaka. Mwaka huohuo iliingia Ituri, mashariki mwa Kongo, kwenye vijiji vya kando ya Ziwa Albert. Kenya ikazuia kuku na mayai kutoka Uganda.

Tangu hapo anayefuga karibu na maji hupewa ushauri uleule: wafungie kuku. Ushauri huo unamfaa mwenye banda kubwa na fedha ya chakula. Mwenye kuku 12 wa kienyeji wanaojitafutia uwanjani huusikia, huitikia, na kesho yake huwafungulia kama kawaida, maana akiwafungia hana cha kuwapa. Kwa hiyo hapa tunalinganisha njia tatu ambazo watu wanaweza kuzifuata kweli: kuachia kwa saa maalumu, ua wenye paa na wavu, na kufungia bandani moja kwa moja. Kila moja ina mahali pake. Njia ya gharama ikifanywa ovyo huwa mbaya kuliko njia ya bure iliyofanywa kwa makini.

Tunapimia nini

Kwanza tujue kirusi kinavyosafiri. Ndege aliyeambukizwa hukitoa kwenye kinyesi na kwenye ute wa mdomo na pua. Bata wa porini, na hata bata maji wa nyumbani, wanaweza kukibeba bila dalili yoyote. Kuku hufa, mara nyingi ndani ya siku mbili. Kwenye maji baridi na tope la kivulini kirusi hudumu wiki kadhaa. Juani na pakavu huisha upesi. Na sabuni hukiharibu kwa sababu ganda lake la nje ni la mafuta. Ukifuatilia utaona kinaingia nyumbani kwa barabara nne: maji, chakula kilichomwagika, viatu na vyombo (trei za mayai na matenga ya kubebea kuku ni vyombo pia), na mizoga.

Barabara hizo hupitika pande zote mbili, kwenda na kurudi, na hapa ndipo mazungumzo mengi ya ufugaji hukosea. Ukoo wa virusi unaosumbua dunia leo ulitambuliwa mara ya kwanza kwa bata bukini wa kufugwa, mkoa wa Guangdong nchini China, mwaka 1996. Ulitoka mabandani ukaenda kwa ndege wa porini, na sasa unarudi. Januari 2021 ndege aina ya mwari wapatao 750, wengi wao makinda, walikufa katika hifadhi ya Djoudj nchini Senegal. Mwishoni mwa mwaka huohuo ndege wa baharini aina ya mnandi zaidi ya 20,000 walikufa kwenye pwani ya jimbo la Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini. Sisi tuna heroe wa Natron na Nakuru wanaoishi kwa makundi makubwa mahali pamoja, na korongo taji ambao tayari wamepungua sana. Hao hawana wa kuwafungia banda. Kwa hiyo usalama wa ndege wa porini dhidi ya kuku wako ni kigezo kamili kama usalama wa kuku dhidi yao.

Vigezo, basi, ni hivi: mgusano na ndege wa porini na maji yao, gharama na kazi, afya ya kuku wenyewe, athari kwa wanyamapori, na panapoharibika. Paka na mbwa tumewaweka peke yao mbele, kwa sababu wao hawafuati ukuta wa banda.

Njia ya kwanza: kuachia kwa saa maalumu

Kuku hulala bandani, hula na kunywa humohumo asubuhi, hufunguliwa kuanzia saa nne na kurudishwa saa kumi jioni. Saa hizo zina sababu. Ndege wengi wa majini huwa na pilikapilika alfajiri na magharibi, na ikifika saa nne umande umekauka na jua limeanza kufanya kazi juu ya vinyesi vya usiku.

*Mgusano.* Unapungua, hauishi. Kinachosaidia zaidi ni kuondoa maji na chakula nje, kuliko kuhesabu saa. Kila kuku apewe gramu 30 hadi 40 za nafaka asubuhi ndani ya banda, na nusu ya kiasi hicho jioni ili arudi mwenyewe. Nje pasiwe na sufuria ya maji, dimbwi la kuoshea vyombo, wala mahindi yaliyoanikwa chini yakiita njiwa, shomoro na yangeyange. Upande unaoelekea ufukweni weka uzio wa mita moja, hata wa matete. Kuku wazito hawaurukii wakiwa wameshiba.

*Gharama na kazi.* Fedha ni kidogo: mlango unaofungika, chombo cha maji, uzio wa upande mmoja. Kazi ni ya kila siku na inahitaji mtu aliyepo nyumbani saa kumi. Watoto wakiwa shuleni na mama sokoni, mpango mzima unavunjika.

*Afya ya kuku.* Ndiyo njia bora kwa kigezo hiki. Wanapata wadudu, majani na jua, na hawadonoani.

*Wanyamapori.* Ndipo penye udhaifu wake. Kuku mgonjwa anayekufa kichakani huliwa na mwewe, kunguru au kongoti kabla hujamkosa. Wahesabu kila jioni. Anayekosekana atafutwe siku hiyohiyo.

*Panapoharibika.* Mara nyingi kwenye maji. Kuku hanywi alikoandaliwa kama kuna dimbwi karibu zaidi. Kwingine ni jikoni: ndege aliyeletwa na mwindaji au aliyenaswa na wavu wa mvuvi hunyonyolewa uwanjani, manyoya na matumbo yakabaki hapo kuku wakayadonoa.

*Inamfaa* mwenye kuku wachache wa kienyeji, asiye na bata, aliye mbali kiasi na ufukwe, kwa miezi ambayo hakuna taarifa ya ugonjwa katika eneo lake. Anayepakana na kinamasi asiitegemee kati ya Oktoba na Aprili, ndege wahamiaji wanapokuwa huku.

Njia ya pili: ua wenye paa na wavu

Hii ndiyo tunayoulizwa zaidi, na ndiyo inayojengwa vibaya zaidi.

Tuchukue kuku 15. Kila mmoja apewe mita mraba moja ya ua, bila kuhesabu banda la kulala. Ua wa mita 2.5 kwa 6 unatosha. Mabati ya mita 3 yakilazwa kukatiza ule upana wa mita 2.5 yanaacha ukingo wa kama sentimeta 25 kila upande. Hesabu mabati tisa ili ncha nazo zitokeze. Nguzo kumi: nne kila upande mrefu, moja katikati ya kila upande mfupi. Mzingo ni mita 17, na wavu wa kuku wa upana wa sentimeta 90 ukipangwa tabaka mbili unataka mita 34; ukitoa nafasi ya mlango zinabaki kama 32. Maana yake roli moja ya mita 30 na mita tatu za kuongezea. Tundu la wavu lisizidi nusu inchi. Wavu wa inchi moja huzuia yangeyange, lakini shomoro na mnana hupenya kama wana ufunguo. Chini zungusha ubao au tofali la sentimeta 30 ili maji ya mvua yasiingize tope la nje.

*Mgusano.* Mdogo sana, kwa sharti moja: paa liwe la bati au kitu kingine kisichopenyeza. Paa la wavu humzuia ndege asitue ndani, lakini kinyesi chake hudondoka pale anapotaka. Ukiwa na mti juu ya ua wa namna hiyo umejenga choo cha kunguru. Jambo la pili ni maji ya paa. Watu hutega mvua kutoka kwenye bati hilohilo wakawanyweshea kuku, na hayo maji yameosha kinyesi cha paa zima. Kama huna maji mengine, au unatumia ya ziwa, yachuje kwa kitambaa hadi yawe maangavu, weka mililita 2 za klorini ya kufulia ya asilimia 3.5 isiyo na manukato kwenye ndoo ya lita 20, subiri nusu saa. Siku ya kuchanja kuku dhidi ya kideri (mdondo) kwa maji ya kunywa usitie klorini, maana huua chanjo hai.

*Gharama na kazi.* Gharama kubwa ni ya mara moja: bati, wavu, nguzo. Baada ya hapo kazi ya kila siku ni ndogo kuliko njia nyingine zote. Chakula cha kuongezea kinahitajika, ingawa majani na wadudu wa funza waliozalishwa nyumbani hupunguza mzigo.

*Afya ya kuku.* Nzuri, ilimradi ardhi isifanywe tope. Eneo lileile likikanyagwa mwaka mzima hujaa minyoo na vijidudu vya kuhara damu. Tandika maranda au pumba za mpunga sentimeta 5, uzitoe kila mwezi, au gawa ua mara mbili na kupumzisha nusu moja.

*Wanyamapori.* Ikijengwa sawasawa inalinda pande zote mbili. Tatizo ni nyavu chakavu za kuvulia. Kando ya ziwa watu huzitandaza juu ya ua kwa kuwa hazina bei. Nyuzi zake nyembamba hazionekani: mdiria, bundi na popo hunasa, hufia humo, na kuku hudonoa mzoga ulioning'inia. Hapo umeleta ndani kile ulichokuwa unazuia. Kama ni wavu wa uzi tu unaoupata, tumia mnene, wenye rangi inayoonekana, uvutwe mpaka ukaze kama ngoma, na ukaguliwe kila asubuhi.

*Panapoharibika.* Pembe ya mlango. Wavu hukatika pale unapopigiliwa kwa misumari badala ya vibanio vyenye umbo la U, na tundu la ngumi moja linatosha. Pia pumba za chakula zikimwagika kando ya wavu, ndege hula kwa nje huku kuku wakila kwa ndani, midomo ikikaribiana. Weka vyombo vya chakula katikati, angalau mita moja kutoka wavuni. Kwenye ua wa upana wa mita 2.5 hiyo ni mstari mmoja tu wa katikati.

*Inamfaa* mwenye kuku 10 hadi 50, anayeishi mahali pamoja kwa miaka, karibu na ziwa, mto au mashamba ya mpunga. Mpangaji anayeweza kuhamishwa mwakani afikirie mara mbili kabla ya kununua mabati.

Njia ya tatu: kufungia bandani

Kuku hawatoki kabisa. Kwa kienyeji, weka wanne kwa mita mraba moja, sentimeta 20 za kichanja kwa kila mmoja, kiota kimoja kwa matetea watano. Ukuta uwe mzima chini, na theluthi ya juu wavu wa nusu inchi, kwa sababu banda lisilopitisha hewa huua kwa njia nyingine.

*Mgusano.* Mdogo kuliko katika njia zote, kwa ndege wenyewe. Kwa viatu hakuna tofauti. Afrika Kusini mwaka 2017 ugonjwa uliingia kwenye mashamba makubwa ya biashara, yenye mabanda na uzio. Mfugaji anayetoka ufukweni au mnadani na kuingia bandani na ndala zilezile amefungia kuku pamoja na kirusi. Weka viatu vya bandani peke yake, vikae ndani ya mlango. Dimbwi la dawa mlangoni linasaidia tu kama viatu vimesuguliwa kwanza: klorini ya asilimia 3.5 sehemu moja kwa maji sehemu sita, ibadilishwe kila siku, kwani ikishachanganyika na kinyesi inabaki maji machafu. Kama ni lazima kuchagua moja, viatu vya kubadilisha vinashinda dimbwi.

*Gharama na kazi.* Chakula ndicho kila kitu. Kuku mkubwa hula gramu 100 hadi 120 kwa siku. Kuku 12 watamaliza kama kilo 40 kwa mwezi. Ukianza kufungia bila hesabu hiyo, wiki ya tatu utawafungulia, tena wakiwa na njaa, na watakimbilia popote penye kitu.

*Afya ya kuku.* Hapa kuna matatizo ya kweli. Kuku aliyezoea kuzurura akifungiwa ghafla hudonoa wenzake. Tundika fungu la sukuma wiki au mchicha kwenye urefu wa kichwa chake, na punguza mwanga mkali. Maranda yawe sentimeta 8, yageuzwe mara mbili kwa wiki, na sehemu iliyolowa chini ya chombo cha maji itolewe siku hiyohiyo. Ukiinama hadi usawa wa kuku na macho yakawasha, hewa imeshaharibika. Paa la bati likiwa fupi, joto la mchana linaweza kuwaua bila ugonjwa wowote.

*Wanyamapori.* Salama zaidi, isipokuwa mbolea. Ikimwagwa mbichi kando ya kijito, kila kitu kimetoka. Ilundike, ifunike kwa turubai na iache ichemke kwa wiki kadhaa kabla ya kupeleka shambani.

*Panapoharibika.* Msongamano. Ugonjwa ukishaingia hauna kizuizi. Kundi zima hugusana.

*Inamfaa* mfugaji wa kuku wa mayai au nyama wa kisasa, na yeyote kwa muda, pale mlipuko unapotangazwa wilayani. Banda la dharura lenye chakula cha wiki tatu ni mpango mzuri hata kwa anayeachia siku nyingine zote.

Bata, njiwa, paka na mbwa

Bata maji hawaingii kwenye ulinganisho huu kwa usawa. Ukiwafungulia karibu na ziwa wataenda majini, watarudi na kirusi wakiwa wazima, na watalala na kuku. Kwao kuachia si chaguo palipo na maji ya wazi. Wapewe ua wao wenye paa, na beseni lenye kina cha kutosha kuzamisha kichwa, wala wasichangie banda na kuku. Njiwa hawaugui kirahisi, lakini hula kila mahali. Wasilishwe pamoja na kuku.

Paka ndiye mnyama wa nyumbani aliye hatarini zaidi. Huambukizwa kwa kula ndege mgonjwa, nyama mbichi au maziwa mabichi, na wengi hufa: homa, mate, kupumua kwa shida, degedege. Mwaka 2004, kwenye bustani moja ya wanyama nchini Thailand, chui-milia walilishwa kuku wabichi na zaidi ya mia wakafa au kuuawa kuzuia maambukizi. Kwa hiyo vichwa na matumbo ya kuku vipikwe. Kumfungia paka kutoka jioni hadi asubuhi husaidia kupunguza uwindaji, na kumhasi hupunguza kuzurura. Kama unamfuga kwa ajili ya panya wa stoo, alale stoo, mlango umefungwa.

Mbwa huugua mara chache, lakini hawana kinga: Canada mwaka 2023 mbwa alikufa baada ya kutafuna bata bukini wa porini. Mbwa wa ulinzi anayefungwa mchana na kufunguliwa usiku ndani ya uzio tayari yuko salama. Hatari iko kwa yule anayefuatana na wavuvi.

Na chanjo?

Chanjo ya mafua ya ndege si ya kujinunulia dukani. Serikali ndiyo huamua kama itumike, kwa kuwa ndege aliyechanjwa anaweza kueneza kirusi bila kuonyesha dalili. Unayoipata ni ya kideri, kama I-2, tone moja jichoni kila miezi mitatu hadi minne. Haizuii mafua ya ndege, ila inakuondolea mkanganyiko: kideri na mafua ya ndege vinafanana mno. Kuku waliochanjwa kideri wakianza kufa ghafla, kichwa kimevimba, kilemba kimekuwa zambarau, miguu ina madoa ya damu, usiseme "ni kideri tu".

Uchague kwa hali yako

Kama una kuku chini ya 15, uko mbali na maji na huna bata: achia kwa saa maalumu, ukiweka nguvu kwenye maji na chakula cha ndani.

Kama ufukwe, kinamasi au majaruba ya mpunga yanaonekana kutoka mlangoni: ua wenye bati. Fedha ikiwa haitoshi, jenga nusu ya eneo na upunguze kuku. Usijenge eneo lote kwa nyavu za kuvulia.

Kama una bata na kuku pamoja: tenganisha kwanza, kabla ya kuamua jambo jingine lolote. Ukuta mmoja kati yao una faida kuliko uzio mpya wa nje.

Kama unapakana na hifadhi, mazalia ya korongo taji au ziwa la heroe: ua au banda, mbolea ifunikwe, na mizoga isiachwe wazi hata saa moja.

Kama mlipuko umetangazwa: fungia wote, bata na paka wakiwemo, usinunue wala kuuza kuku, na usikope trei.

Na kama ndege watatu au zaidi wamekufa ndani ya siku moja au mbili, wa nyumbani au wa porini: usiwashike, usiwapike, usiwauze haraka kuokoa fedha. Mpigie afisa mifugo wa kata, wa kaunti au wa wilaya, na funika mizoga kwa beseni au turubai lililowekewa mawe mpaka afike kuchukua sampuli. Kuzika ni baadaye, juu ya mzoga udongo usiopungua mita moja, mbali na kisima. Aliyekwisha kuwashika anawe kwa sabuni, afue nguo, na akipata homa au kikohozi ndani ya siku kumi aende zahanati na kusema kwanza kabisa kwamba alishika ndege waliokufa.